MAMA, RUDI KWA SINDANO YA PILI



Siku ya kupima watoto, benchi za nje zinajaa mapema. Mama wengine wametembea tangu alfajiri, mtoto mgongoni, kadi imefungwa ndani ya kitenge. Tunawashukuru. Lakini tukifungua daftari letu la chanjo tunaona jambo moja linalotuhuzunisha. Majina ya sindano ya kwanza ni mengi. Majina ya sindano ya pili ni machache. Wale watoto wengine wamekwenda wapi? Hawakufa, hawakuhama wote. Wako nyumbani tu. Mama zao walifikiri kazi imekwisha.

Kitabu hiki kidogo kinaeleza kwa nini kazi haijaisha. Kisome pole pole. Kama hujui kusoma, mwombe mtoto wa shule akusomee jioni, na baba wa nyumba asikilize naye.

MAZUNGUMZO KWENYE BENCHI

Mama wawili wanangoja zamu yao. Nyanya mmoja ameketi karibu nao na mjukuu wake.

MAMA WA KWANZA: Dada, na weye umekuya kwa shindano?

MAMA WA PILI: Hapana, nimekuya kupimisha kilo tu. Shindano ya surua alishapataka moja, kwa miezi kenda. Inatosha.

MAMA WA KWANZA: Lakini muganga alisema iko ingine, kwa miezi kumi na tano.

MAMA WA PILI: Batoto bangu ba mbele, bote bane, balipata moja moja tu. Na beko bazima. Sasa hii ya pili inatoka wapi? Tena batu banasema ile ya pili njo inamalizaka kizazi.

NYANYA: Bana bangu, munisikilize. Mimi nilizika batoto babili kwa surua, juma moja tu. Ile wakati shindano haiyafika kwetu. Kama banganiambia kuya mara kumi, ningalikuya mara kumi.

MAMA WA PILI: Pole sana, koko. Lakini mimi ninataka kujua mbele. Siko ng'ombe ya kupelekwa tu kwa dawa.

Huyu mama wa pili hakusema neno baya. Mtoto ni wake. Ana haki ya kuuliza, na muganga ana wajibu wa kujibu. Basi tujibu maswali yake moja moja.

CHANJO INAFANYA NINI NDANI YA MWILI?

Ndani ya damu yako kuna askari. Ugonjwa ukiingia, hao askari wanapigana nao. Shida ni kwamba mara ya kwanza hawamjui adui. Wanachelewa kumtambua, na wakati huo ugonjwa unazidi nguvu. Mtoto mdogo anaweza kufa kabla askari wake hawajajifunza vita.

Chanjo inawaonyesha askari sura ya adui kabla adui mwenyewe hajafika. Adui huyo wa chanjo ameuawa, au amedhoofishwa asiweze kuleta ugonjwa wenyewe. Askari wanajifunza. Siku adui wa kweli akija, wanamkuta mlangoni.

Lakini kuna chanjo ambazo sindano moja haitoshi. Sababu zake si moja, ziko mbili. Tutaonyesha ya kwanza kwa surua, na ya pili kwa pepopunda, ambayo wengi kwetu wanaiita tetanosi.

SURUA: SHAMBA LA MAHARAGI

Mama wa Masisi, wewe unajua kupanda maharagi. Unatia mbegu mia moja. Baada ya siku chache unarudi shambani kutazama. Si zote zimeota. Hapa panya amekula, pale mbegu ilikuwa mbaya, huku mvua imezidi. Je, unasema, "Nimekwisha kupanda, basi"? Hapana. Unarudisha mbegu mahali palipo wazi, ili shamba lote lijae.

Sindano ya kwanza ya surua, inayotolewa mtoto akiwa na miezi 9, ni kama kupanda mara ya kwanza. Kati ya watoto 100 wanaoipata, karibu 85 wanapata kinga. Hao wengine 15 chanjo haikushika. Kwa nini? Mara nyingi ni kwa sababu mtoto bado ana kinga kidogo aliyopewa na mama yake tumboni. Kinga hiyo ya mama inaizima chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza. Si kosa la mama, wala si kosa la muganga, wala dawa haikuwa maji.

Sasa, hao 15 ni akina nani? Hakuna anayejua. Huwezi kuwatambua kwa macho. Mtoto mnene na mtoto mwembamba, wote wanaweza kuwa ndani ya hao 15. Ndiyo maana tunawapa watoto wote sindano ya pili wakiwa na miezi 15. Wakati huo kinga ya mama imekwisha mwilini, na chanjo inashika vizuri. Baada ya sindano mbili, watoto 95 au zaidi kati ya 100 wanakuwa na kinga, na mara nyingi kinga hiyo inadumu maisha yote.

Na yule aliyekwisha kupata kinga kwa sindano ya kwanza? Ya pili haimdhuru. Askari wake wanaiona na kuishinda mara moja.

Unaweza kuuliza, "Watoto 15 tu, kwa nini makelele mengi?" Kwa sababu surua ni ugonjwa wa kuambukiza kuliko karibu magonjwa yote tunayoyajua. Mgonjwa mmoja, mahali ambapo watu hawana kinga, anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18. Inapita kwa hewa. Mtoto mwenye surua akikohoa ndani ya nyumba kisha akatoka, hewa ya nyumba ile bado inaweza kuambukiza kwa muda wa saa mbili. Tena anaanza kuambukiza siku nne kabla vipele havijatoka, wakati wewe unafikiri ni mafua tu.

Fikiri basi kambi ya wakimbizi, mahema yamebanana, au darasa la shule, au kanisa siku ya mungu. Watoto wachache wasio na kinga wanatosha kuwasha moto. Ili surua ikose njia, lazima watu 95 kati ya 100 wawe na kinga. Kwa sindano moja peke yake hatuwezi kufika huko kamwe, hata kama kila mtoto wa Masisi na Walikale angeipata.

Na surua si vipele tu. Inaleta homa ya mapafu, kuhara, vidonda mdomoni, usaha masikioni. Inaweza kumpofusha mtoto, hasa yule asiye na vitamini A ya kutosha. Tena inafuta kumbukumbu ya askari wa mwili, hata magonjwa mengine yanampiga mtoto kwa miezi mingi baadaye. Mtoto mwenye utapiamlo ndiye surua inamwua upesi.

TULIYOYAONA SISI WENYEWE

Mama wengi wanakumbuka Ebola iliyotangazwa upande wa Beni, hapa Kivu ya Kaskazini, tarehe 1 Agosti 2018. Ilidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020. Iliua watu 2,287. Magari yalipita, wageni walikuja, redio zote zilisema juu yake.

Miaka ile ile, surua ilikuwa inatembea Kongo nzima bila kelele. Mwaka 2019 peke yake iliwashika watu zaidi ya laki tatu, na kabla ya Januari 2020 kumalizika hesabu ya waliokufa ilikuwa imepita 6,000. Serikali ilipotangaza mwisho wa surua ile, mwezi wa Agosti 2020, watoto wadogo zaidi ya 7,000 walikuwa wamezikwa. Fanya hesabu mwenyewe. Ugonjwa tuliouzoea uliua mara tatu kuliko ule tuliouogopa.

PEPOPUNDA: JEMBE LINALONOLEWA

Sasa sindano ya mama mwenyewe, ile tunayokupa ukiwa na mimba.

Mdudu wa pepopunda anakaa ndani ya udongo na ndani ya kinyesi cha ng'ombe, mbuzi na farasi. Katika nchi ya malisho kama Masisi yuko kila mahali, na hatakwisha kamwe. Anaingia kwa kidonda, au kwa kitovu cha mtoto kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa udongo na samadi. Mtoto anazaliwa mzima. Siku mbili za kwanza ananyonya vizuri. Kisha, siku ya tatu au baadaye, mdomo unafungwa, hawezi kunyonya tena, mwili unakauka kama kijiti, na akiguswa tu anashtuka. Wengi hufa. Zamani watu walisema ni uchawi au ndege mbaya aliyepita juu ya nyumba. Ni mdudu wa udongo.

Mtoto wa siku tatu hawezi kuchanjwa akapona. Kinga yake lazima itoke kwako, kupitia damu yako, kabla hajazaliwa. Na hapa sindano ya kwanza karibu haileti kinga yoyote. Inawaamsha askari tu. Ni kama jembe jipya ambalo bado halijanolewa: unalo mkononi, lakini halilimi. Ya pili ndiyo inayolinoa.

Fuata mpango huu:

Sindano ya 1: mara unapojua una mimba, au siku ya kwanza unapokuja kliniki.
Sindano ya 2: baada ya majuma 4 au zaidi, na iwe angalau majuma 2 kabla ya kuzaa. Sasa una kinga ya karibu miaka 3.
Sindano ya 3: baada ya miezi 6 au zaidi, au mimba inayofuata. Kinga ya miaka 5.
Sindano ya 4: baada ya mwaka mmoja au zaidi, au mimba inayofuata. Kinga ya miaka 10.
Sindano ya 5: baada ya mwaka mmoja au zaidi. Umekingwa kwa miaka yako yote ya kuzaa.

Siku hizi sindano hiyo ina kinga ya dondakoo pia, ndani ya chupa moja.

Angalia tofauti. Kwa surua, ya pili ni ya wale ambao ya kwanza haikuwashika. Kwa pepopunda, ya pili ni ya kila mtu, maana ya kwanza haikutosha kwa mtu yeyote. Tena pepopunda haipiti kwa mtu na mtu. Hata kama jirani zako wote wamechanjwa, wao hawawezi kukukinga wewe. Udongo hauulizi jirani.

KWA NINI TUNASITA?

Tumesikiliza mama wengi kliniki na nyumbani. Sababu wanazozitoa ni hizi.

"Watoto wangu wakubwa walipata moja tu."

Ni kweli, mama. Kwa miaka mingi kalenda ya chanjo ya Kongo ilikuwa na sindano moja tu ya surua, kwa miezi 9. Nyingine zilikuja kwa kampeni, mara kwa mara. Ni katika miaka hii ya 2020 tu kwamba ya pili imeingia ndani ya kalenda ya kawaida. Haikuingia kwa sababu dawa imeharibika. Imeingia kwa sababu surua iliendelea kuua watoto wetu, kama tulivyoona 2019. Watoto wako wakubwa walikuwa ndani ya wale 85, au surua haikuwapitia karibu. Shukuru, lakini usiweke shamba lote juu ya bahati.

"Alipata homa baada ya ya kwanza."

Hili ni neno zito, kwa maana mama ndiye anayekesha. Baada ya chanjo ya surua, watoto wengine hupata homa kati ya siku ya 5 na ya 12, na wachache hutoka vipele vidogo. Baada ya sindano za majuma 6, 10 na 14, homa huja siku ile ile au kesho yake, na mguu unaweza kuvimba kidogo. Ni alama kwamba askari wanajifunza. Mnyonyeshe mara nyingi, mvike nguo nyepesi, mpe parasetamoli kwa kipimo alichokuambia muganga. Usipake kitu chochote juu ya sindano. Mlete upesi kama homa inapita siku mbili, kama anashtukashtuka, au kama anakataa titi. Hatutakukaripia kwa kumleta bure.

"Wanasema inafunga kizazi."

Neno hili halikuzaliwa kwetu. Limetembea nchi nyingi. Mwaka 2014, nchini Kenya, hata maaskofu wa Kikatoliki walisema hadharani kwamba wanahofu chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake imetiwa dawa ya kuzuia mimba. Serikali ya Kenya na Shirika la Afya Duniani walikanusha. Tunalitaja kwa heshima, maana si wajinga peke yao wanaoogopa. Lakini tazama mwenyewe. Wanawake wa Kongo wamepewa sindano ya pepopunda mimba kwa mimba, miaka mingi. Wangapi hapa kwenye benchi walichanjwa kwa mimba ya kwanza, na leo wana wa tatu, wa nne, wa sita mgongoni? Kama ingekuwa dawa ya kufunga kizazi, kliniki yetu ingekuwa tupu. Tena, kwa nini mtu anayetaka usizae akuchanje wakati ambapo umekwisha kubeba mimba, ili mtoto wako aishi?

"Waganga wenyewe hawapatani."

Hapa lazima tuseme kweli. Wakati wa Ebola, mwaka 2019, chanjo ya kwanza iliyotumika huku ilikuwa ya sindano moja, na watu zaidi ya laki tatu waliipata. Kisha ikatajwa nyingine, ya sindano mbili. Waziri wa Afya wa wakati ule, Dokta Oly Ilunga, aliikataa, na mwezi wa Julai akajiuzulu. Mwezi wa Novemba mwaka ule chanjo hiyo ya pili ilianza kutolewa Goma, siku 56 kati ya sindano na sindano. Watu waliuliza, "Jana moja, leo mbili, kesho ngapi?"

Tena mwaka 2021 ilikuja chanjo ya Kovidi ya AstraZeneca, nayo ya sindano mbili. Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 mwezi wa Machi. Ulaya iliposimamisha chanjo ile ili ichunguzwe, Kongo nayo ikangoja mpaka tarehe 19 Aprili. Waliokuja kuchanjwa walikuwa wachache, na dozi kama milioni 1.3 zilipelekwa nchi nyingine zisije zikaharibika. Na tangu Oktoba 2024, Goma imeona chanjo ya mpox, nayo mara mbili.

Si ajabu watu wamechoka kuhesabu. Lakini idadi ya sindano haitokani na ugomvi wa wakubwa. Kila chanjo ina kipimo chake, kama kila chakula kina muda wake jikoni. Sombe haiivi kwa muda wa yai. Ya Ebola na ya Kovidi zilikuwa mpya, na wataalamu walikuwa bado wanajifunza mbele ya macho ya watu. Ya surua si mpya. Watoto wa dunia nzima wamechanjwa nayo tangu miaka ya 1960. Ya pepopunda ni ya zamani kuliko hiyo. Usiache ya zamani kwa hofu ya mpya.

"Ni mbali, na kuna vita."

Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote, na haistahili lawama. Mama wa Walikale anavuka msitu na mito, kutoka upande wa Pinga au Itebero. Mama wa Masisi anapanda na kushuka vilima katika matope. Miaka mingi, na zaidi tangu 2022, watu wamekimbia kutoka Masisi, Kitshanga na Mweso kwenda Sake na Goma, kisha wakakimbia tena. Mwaka 2025 vita vilifika hata Walikale. Mtoto anapata ya kwanza kijijini, anafikisha miezi 15 porini. Tunalijua jambo hili. Kwa hiyo soma vizuri sehemu inayofuata, imeandikwa kwa ajili yako.

"Muganga alinikaripia."

Tunaomba msamaha. Iko siku mama amechelewa miezi mitatu, muganga amechoka, naye anamsema mbele ya watu. Mama anaona haya, harudi tena. Mtoto ndiye anayelipa. Kosa hilo ni letu.

Na kuna jingine. Umetembea saa nne, unaambiwa, "Rudi juma lijalo, watoto hawajatosha kufungua chupa." Chupa ya surua ina dozi 10. Ikifunguliwa na kuchanganywa na maji yake, lazima imwagwe baada ya saa 6. Muganga anaogopa kupoteza tisa kwa mtoto mmoja. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, maana mama aliyerudishwa mara moja huenda asionekane tena. Basi, ukiambiwa urudi, sema kwa upole, "Muganga, nimetoka mbali. Uniambie siku gani chupa itafunguliwa, uiandike hapa kwenye kadi." Una haki ya kusema hivyo.

NIMECHELEWA. NIFANYE NINI?

Njoo. Sindano ya kwanza haiozi. Hata kama umechelewa miezi au mwaka, hatuanzi upya. Tunaendelea pale ulipofikia. Kati ya sindano mbili za surua lazima zipite angalau majuma 4. Muda ukizidi, si kitu, ila tu kwamba siku zote hizo mtoto anakaa katika hatari.

Kadi imepotea au imeungua? Njoo vilevile. Tutatafuta daftari. Tusipopata jina, tutachanja. Kurudia chanjo hakumdhuru mtoto. Kukosa chanjo ndiko kunamdhuru.

Umehamia mahali pengine? Huna haja ya kurudi kwetu. Nenda kituo chochote cha afya kilicho karibu, au kambini. Chanjo ni ile ile, na ya kalenda ni bure.

Mtoto alichanjwa surua kambini akiwa na miezi 6? Hiyo ilitolewa kwa sababu ya hatari ya siku ile. Haihesabiwi. Bado anahitaji ya miezi 9 na ya miezi 15. Hata kampeni ikipita, mlete. Sindano ya kampeni haimdhuru aliyekwisha kuchanjwa.

Mtoto ana mafua au kuhara kidogo? Amekonda? Mlete. Yule aliyekonda ndiye anayehitaji zaidi. Mwenye ugonjwa mkali tutamtibu kwanza.

NENO KWA BABA

Baba, tunajua mara nyingi wewe ndiwe unayesema "nenda" au "usiende". Ukimkataza mama, uje mwenyewe utuulize. Milango iko wazi. Na ukikubali, msaidie: siku ya chanjo mwingine achote maji, mwingine aende shambani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Surua: miezi 9 na miezi 15. Mara mbili.
2. Pepopunda ya mama: mara mbili kabla ya kuzaa mimba ya kwanza, kisha endelea mpaka tano.
3. Kitovu: wembe mpya, hakuna samadi, hakuna udongo, hakuna majani.
4. Weka kadi ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kitu usichoweza kukisahau ukikimbia. Wengine huifunga ndani ya kitenge cha kubebea mtoto.
5. Kabla hujatoka kliniki, uliza: "Nirudi lini?" Tarehe iandikwe. Ihesabu kwa siku za soko kama ni rahisi kwako.
6. Kuchelewa si dhambi. Kukaa nyumbani kwa haya ndiyo hatari.
7. Ukisikia neno la kutisha juu ya chanjo, lilete kwetu kabla hujalipeleka kwa jirani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

Kati ya watoto 100 waliopata sindano moja ya surua, wangapi hawana kinga? Tunaweza kuwajua kwa macho?
Kwa nini kinga ya jirani haisaidii kwa pepopunda?
Katika kijiji chetu, ni nani aliyepata ya kwanza na hajarudi? Nani kati yetu anaweza kwenda kumwamkia, si kumlaumu, na kutembea naye siku ya kliniki?

Yule mama wa pili wa kwenye benchi, aliyesema yeye si ng'ombe, aliuliza maswali yake yote siku ile. Muganga alijibu mpaka jua likawa kali. Kisha mama akatoa kadi, akamfungua mtoto mgongoni, akasema, "Sasa nimejua. Mumuchome." Mtoto alilia kidogo, akapewa titi, akanyamaza. Nyanya akamcheka mtoto, akasema, "Ulie leo, mwanangu. Vizuri ulie leo."